Maiki ya Samson Q2U: nimeitumia miaka miwili, maiki haina kosa, mkosaji mimi

Haipiti wiki sijaulizwa, dada unatumia maiki gani, nami najibu Samson Q2U, mtu anaitafuta ananunua, baada ya siku kumi anarudi analalamika mbona mimi haitoki kama yako. Sasa leo naandika yote kwa mpigo, maiki na makosa yangu, maana hela niliyoichoma kabla ya kuipata na hata baada ya kuwa nayo mkononi inazidi bei yake mara nne au tano hivi, na hakuna shilingi hata moja iliyopotea kwa sababu maiki ni mbovu.

Kwa asiyenijua, mi niko Chanika, natotolesha na kuuza vifaranga vya siku moja, Sasso, kuroila na machotara wengine, na kila Jumatano natoa podikasti ya ufugaji ya nusu saa. Nilianza 2022 na mashine moja ya mayai 528 na wateja wa mtaa wangu tu. Saivi wakipiga wateja kumi, saba wananiambia nimekusikia. Hiyo ndo biashara ninayoiongelea hapa, sio umaarufu, ni kifaranga kupata mwenyewe kabla hakijafa.

Nianze na maiki ya kwanza. Niliingia Kariakoo sijui hili wala lile, kijana dukani akaniambia dada chukua hii kondensa ndo wanatumia redio zote, ina mkono wake, ina kile kichujio cha duara cha kuzuia mate, laki na sitini mwisho. Nikabeba. Kufika nyumbani nachomeka kwenye laptopu sauti inatoka kama mtu kafungiwa kisimani, kumbe zile zinataka umeme wake wa volti 48 ambao laptopu haitoi, nikarudi kununua kile kiboksi cha kuipa umeme, hela nyingine hiyo. Ilipowaka sasa ndo nikajua shida. Kondensa ina masikio ya mama mkwe, inasikia kila kitu, feni, bodaboda ya barabarani, sufuria ya jirani, mvua ikianza kugonga bati hata haijawa mvua, na jogoo wangu aliye banda la nyuma anasikika utadhani kakaa mezani na mimi tunahojiana. Si kwamba ni maiki mbaya, imetengenezwa kwa ajili ya chumba kilichotulia, mimi nina nyumba ya bati yenye kuku mia tatu uani. Hapo sikuibiwa, niliuliza bei tu, sikuuliza inafanyaje kazi.

Nikarekodi hivyohivyo karibu mwaka na nusu. Mwishoni mwa 2023, kile kipindi cha mgao wa umeme mnakikumbuka, ndo nikanunua Q2U, nililetewa na mtu anayeagiza vitu, ikanitoka laki mbili na themanini pamoja na nauli yake. Ndani ya boksi kuna maiki, stendi ndogo ya mezani ya miguu mitatu, sponji ya kuvalisha kichwa na nyaya zake, hakuna cha kuongeza ndo uanze kazi. Inachomekwa USB moja kwa moja na inakula umeme wa laptopu, kwa hiyo TANESCO wakikata mi naendelea mpaka chaji ya laptopu iishe. Kwa wakati ule hilo peke yake lilitosha kulipa bei.

Ni maiki ya dainamiki, maana yake haichukui kilicho mbali, inamsikiliza aliye mbele yake na karibu. Sio kwamba inafuta kelele, msidanganyane, inazipunguza, na ukiujua upande wake wa nyuma ukaugeuzia kwenye kelele inapunguza zaidi. Mi mgongo wa maiki naugeuzia bandani. Sasa hapa ndo wengi mnaponirudia na malalamiko, mtu anaiweka mezani yeye kakaa na kochi lake huko, anaongea kama anamwita mtoto dukani, halafu anasema sauti ndogo. Vidole vinne kutoka mdomoni jamani, sio mkono mzima, vidole vinne. Na ukishakaribia hivyo unakutana na tatizo lingine ambalo kwenye kazi yangu nililiona siku ya kwanza tu, herufi P. Mimi nusu ya maneno yangu ni pumba, pumba za mahindi, pumba laini, pima pumba, kila nikisema pumba kwenye hedifoni inalia puu kama mtu kapigwa ngumi ya tumbo. Vaa ile sponji, halafu usiongee ukiielekea usoni, iweke pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ipite kando. Nilirekodi vipindi vitatu vya chakula cha kuku kabla sijajua, bado vipo huko hewani na sivisikilizi.

Kuna tundu la hedifoni chini ya maiki yenyewe, unajisikia hapohapo bila kuchelewa. Litumieni. Kuna siku nilimaliza nusu saa nzima na daktari wa mifugo, mtu mwenye shughuli zake nimembembeleza wiki mbili, kuja kusikiliza kumbe laptopu ilikuwa inarekodi kwa maiki yake ya ndani, Q2U imesimama pale kama pambo. Ningevaa hedifoni ningejua dakika ya kwanza. Sikuwa na uso wa kumwambia arudie, nikamlipia nauli na kuku wawili akaja tena baada ya mwezi.

Na huyo daktari ndo aliniponza kosa jingine. Nikasema kwa kuwa nina wageni basi ninunue Q2U ya pili, moja yangu moja ya mgeni, akili za kawaida kabisa. Zote mbili nimezichomeka USB, Audacity inaniambia chagua moja. Hiyo programu ni ya bure na mi naipenda sana, ila inarekodi kutoka kifaa kimoja kwa wakati mmoja, na maiki mbili za USB kwake ni vifaa viwili. Nilikaa siku mbili nahangaika na mafundi wa kwenye video. Kilichoniokoa ni kwamba Q2U ina milango miwili, USB na ile ya duara ya pini tatu ya XLR, kwa hiyo nikatafuta intafesi ndogo ya njia mbili, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na laptopu, maiki zote zikaingia kwa XLR, laptopu ikaona kifaa kimoja, kila mtu na mstari wake wa sauti. Ningekuwa nimenunua maiki za USB tupu ningeziuza zote mbili kwa hasara. Kwa hiyo kama unajua utakuwa na wageni, hilo ndo la kuangalia, kuliko rangi na taa zinazowakawaka.

Haya hayo ya maiki. Sasa makosa yaliyonigharimu biashara, na hapa maiki hata ya milioni tano isingesaidia.

La kwanza ni ukubwa wa faili. Nilisoma mahali kwamba sauti ya ubora wa juu kabisa ni kilobiti 320 kwa sekunde, stereo, yaani njia mbili za sauti, nikasema wateja wangu wanastahili kilicho bora. Nusu saa ya hiyo ni MB 72. Fikiria mtu yuko Kibaigwa ana bando la siku, anaambiwa pakua MB 72 umsikilize dada anaongea mambo ya pumba. Mzee mmoja alinipigia akaniambia mwanangu maneno yako mazuri lakini unanifilisi. Nikahamia mono, njia moja tu, kilobiti 64, nusu saa ileile ikawa MB 14 na kidogo, na niwaambie ukweli, kwa sauti ya mtu mmoja anaongea kwenye spika ya simu hakuna aliyewahi kuniambia nimeona tofauti. Stereo ya nini, mimi nina mdomo mmoja.

La pili nilihesabu wasiokuwepo nikawaacha waliopo. Tulivyoanza tulikuwa tunaweka vipindi kupitia Anchor, ile ambayo Spotify waliinunua 2019, 2023 wakaibadilisha jina na 2024 wakaibadilisha tena ikawa Spotify for Creators, bure kabisa, inasambaza kipindi kwenye programu nyingi, sina neno nayo. Kila asubuhi nafungua naangalia namba. 31. 28. 40 siku njema. Mume wangu ananiangalia navyoamka usiku kurekodi, haniulizi kitu, lakini ule ukimya naujua. Nikaamua mwezi huu ukiisha nafunga. Wakati huohuo simu inaita, watu wa Singida, watu wa Masasi, mmoja kutoka Katavi, wanataka vifaranga, na karibu wote wanaanza na sentensi moja, samahani wewe ndo yule dada wa jogoo?

Jogoo gani? Kumbe ni huyu aliyekuwa anawika nyuma ya kondensa. Watu walikuwa wanashusha kipindi, wanakifowadi kwenye magrupu ya wafugaji ya WhatsApp, kinatoka grupu hili kinaingia lile, jina la podikasti limeshapotea njiani, faili limeandikwa namba tu, anachokumbuka mtu ni mwanamke anaongea na jogoo anawika. Na hizo zote kwenye takwimu ni sifuri. Ile hesabu ya upakuaji inavyotambulika na wengi inataka mtu ashushe sauti ya angalau dakika moja kutoka kwenye chanzo chako, na mtu yuleyule ndani ya saa 24 ni mmoja, sasa faili likishaingia WhatsApp limetoka nyumbani, hakuna anayelihesabu tena. Kipindi changu cha chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, kile cha tone moja la jicho na kurudia kila miezi mitatu, kwenye takwimu kina watu 90 na kitu, lakini nimeshapigiwa na watu zaidi ya hao kwa ajili ya kipindi hicho tu. Nilibaki kidogo nizime duka kwa sababu ya kusoma daftari la mlango wa mbele wakati wateja wanaingilia wa nyuma.

Baada ya hapo nikaacha kupigana nalo. Kila Jumatano nikishapandisha kipindi, faili lenyewe nalituma WhatsApp kwa mkono, na namba yangu ya simu naisema ndani ya sauti, mwanzo na mwisho, polepole, tarakimu mbilimbili, narudia. Hii ya polepole nayo nilijifunza kwa aibu, mwanzoni nilikuwa naitaja mara moja tena mbio kama matangazo ya msiba kwenye spika ya gari, mtu yuko juu ya bodaboda ana hedifoni moja sikioni ataandika wapi.

Halafu jogoo. Nilivyohamia Q2U akapotea, nikashangilia, sauti safi. Wiki ya pili meseji, dada jogoo kaenda wapi, mmemchinja? Mwingine akaniuliza kama podikasti imeuzwa kwa mtu mwingine. Na bahati nzuri ilikuwa wakati huohuo nimelazimika kuutoa wimbo niliokuwa naweka mwanzoni, wimbo mkali tu wa bongofleva nilioushusha mtandaoni bila kumuomba mtu, kipindi kimoja kikashushwa kwa madai ya hakimiliki, na hapo sina hata wa kumlaumu maana wimbo ni mali ya mtu, sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Nikachukua Q2U nikaipeleka bandani saa kumi alfajiri, nikaishika vidole vinne mbele ya jogoo, akawika mara tatu. Ndo mpaka leo kipindi kinafunguliwa na huyo, bure, hana lebo, hana meneja.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, na hili sijaona mtu akilisema. Bei.

Mimi nilizoea redio. Redioni ukisema leo imepita. Kwa hiyo nikasema kwenye kipindi, vifaranga kuroila shilingi 1,800, oda mwisho Ijumaa. Kifaranga ukikitotolesha kinabaki na kiini cha yai tumboni, kinaweza kukaa siku mbili mpaka tatu hivi bila kula wala kunywa, ndo maana tunaweza kukipandisha basi kwenda mikoani, lakini baada ya hapo ni msiba, kwa hiyo sisi tunauza kabla ya siku ya 21, mayai yakiwa bado kwenye mashine. Tarehe kwangu ni kila kitu. Ile Ijumaa ikapita, nikauza nikamaliza, nikafurahi. Miezi minane baadaye chakula kimepanda, mayai ya kutotolesha yamepanda, bei yangu ni 2,300, watu wananipigia wanataka wa 1,800, nawaambia imepanda wananiambia dada sikiliza mwenyewe, na anakiweka kipindi simu sikioni mwangu, nasikia sauti yangu mwenyewe inasema elfu moja mia nane na jogoo anathibitisha. Utabisha nini? Wengine nikawapa kwa hiyo bei ili nisionekane tapeli, vifaranga kama mia nne hivi nimewatoa kwa hasara kwa mwezi mmoja. Mmoja alituma hela kabisa ya oda ya Ijumaa, Ijumaa ya mwaka uliopita.

Toka siku ile sitaji bei wala tarehe kwenye sauti. Nasema bei ya wiki hii iko kwenye stetasi yangu, nipigie au nitumie neno KIFARANGA. Kipindi kinakaa miaka kwenye simu za watu, ukiweka kitu kinachooza ndani yake kitakuozea.

Mdhamini nitasema kwa kifupi maana bado linaniuma. Kuna watu wa chakula cha kuku walinifuata, laki tatu kwa mwezi nikisifie, mimi wakati huo laki tatu naiona kama nyumba. Nikasifia chakula ambacho kuku wangu hawajawahi kukila. Wasikilizaji wakanunua, kuku wa wiki nane wamekonda kama wa wiki tano, na hawakwenda kumtukana mwenye kiwanda, walinitukana mimi, kwa haki kabisa. Nilitoa kipindi kizima cha kuomba radhi na hela ya miezi miwili nikairudisha, lakini kuna magrupu mawili makubwa mpaka leo vipindi vyangu havipostiwi. Saivi mtu akija na bidhaa namwambia nipe mifuko mitatu, nilishe wiki sita, nitasema nilichokiona, wengi hawarudi.

Na kuna hili la akaunti. Dogo aliyekuwa ananieditia mwanzoni ndo aliifungua kwa imeili yake, mi nikaona sawa tu mtoto wa nyumbani. Akaenda chuo, simu ikaibiwa, nywila hakumbuki, na mimi nataka kuihamisha podikasti. Anayeshika imeili ndo mwenye ile anwani ya RSS ambayo programu zote zinasomea vipindi vyako, ukihama vizuri unaweka maelekezo kwamba tumehamia kule na wasikilizaji wanafuata wenyewe bila kujua, bila imeili huwezi chochote, ni kuanza upya. Ilituchukua wiki tano kuirudisha. Fungua kwa imeili yako, namba yako, leo kabla hujarekodi.

Studio ya kukodi nayo nilijaribu, saa moja elfu themanini, viti vya ngozi, taa za zambarau, kamera tatu, nimepaka na wanja. Video ilipendeza. Iliuza vifaranga sifuri, aliyenipigia ni shangazi yangu kuuliza lile gauni nimeshonea wapi.

Kwa hiyo Q2U mi naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu nimeipunguza kwa sababu stendi yake ni ya mezani na mimi meza yangu ndo ninayopigia kikokotoo na kuwekea chai, kila kikombe kikitua kinasikika dunk, nimeishia kuiweka juu ya rundo la khanga zilizokunjwa na imetulia. Swichi yake ya kuzima iko mwilini, usiiguse ukiwa unarekodi inalia. Ukinunua fungua boksi hapohapo dukani, hesabu nyaya, chomeka kwenye laptopu, vaa hedifoni, sema pumba mara tatu.

Na ile kondensa bado ninayo, pamoja na mkono wake na kiboksi cha umeme. Mwenye chumba kilichotulia kweli aje Chanika aichukue kwa elfu hamsini, asije na watoto tu maana akiijaribia hapa nyumbani atanisikilizisha jogoo tena.